Kichungu Ndicho Chenye Akili

Jumatatu, 3 Machi 2014. Kasulu.

Mvua tangu alfajiri. Dukani hakuna mtu. Mudathiri, mwenye duka la ng'ambo ya barabara, ametoa kiti chake barazani ili kila apitaye amuulize habari za mwanawe. Watu ni wema, wanamuuliza. Isihaka kachaguliwa shule ya vipaji maalumu. Isihaka kaandika barua nyumbani kwa Kiingereza. Mudathiri hajui Kiingereza, lakini anaibeba barua mfukoni na kuipapasa. Tangu Januari nasikia Isihaka, Isihaka! Masikio ya mtoto huyo ni kama nyungo mbili. Hilo halitajwi.

Mke wangu Zuleha ana mimba ya miezi minane. Mtoto wetu wa kwanza, baada ya kungoja mpaka majirani wakachoka kutuuliza. Mtoto huyu atamshinda Isihaka. Nimeamua. Iliyobaki ni njia tu.

Mchana njia ikaja yenyewe! Redioni alikuwapo daktari wa lishe. Alisema mmea hauna miguu ya kukimbilia, kwa hiyo hujitengenezea kemikali za kujilinda na wadudu. Hizo ndizo zinazoipa mboga rangi yake, na mara nyingine uchungu wake. Mama mjamzito akila mboga, baadhi humfikia mtoto tumboni, na wataalamu wanachunguza jinsi zinavyoweza kusaidia ubongo kujengeka. Nikaisogelea redio mpaka pua ikagusa. Daktari akasema, "Lakini wasikilizaji, jambo kubwa kuliko yote ni hili..."

Akaingia bibi anataka kiberiti. Kiberiti tu! Akanieleza goti lake la kushoto tangu lilipoanza kuuma. Alipotoka, redio ilikuwa imeshahamia kwenye taarabu.

Haidhuru. La maana nimelishika. Uchungu ndio akili.

Jumanne, 4 Machi

Sokoni mapema. Nimerudi na kikapu cha nyanya chungu, zile ndogo zinazomkunja mtu uso, na mafungu ya majani ambayo mwuzaji mwenyewe aliniuliza nina mbuzi wangapi. Nimepika kwa mkono wangu. Bila nazi, bila mawese, bila karanga. Mafuta yanafunika uchungu.

Zuleha alionja kijiko kimoja.  Kisha akauliza kwa upole kama nimemkasirikia kwa jambo lolote.

Nikamweleza habari ya daktari. Akasema Sista Elieth wa kliniki ameshawafundisha: maharage, matembele, dagaa, matunda, chumvi yenye madini joto, na vile vidonge vyao. Nikamwuliza, je, wanawake wengine wanapewa vidonge hivyohivyo? Akasema ndiyo, wote. Basi! Wote wakila sawa, wetu atawashindaje?

 Alichukua sahani akaenda kuimwaga.

Alhamisi, 6 Machi

Siku mbaya. Zuleha ana kiungulia. Ati ni mimi. Nimempikia nyanya chungu kwa ugali, nyanya chungu kwa wali, na leo asubuhi nikazitia kwenye uji, ubunifu ambao mume mwingine asingeuwaza. Hakuna shukrani.

Halafu Mudathiri. Kavuka barabara na mwavuli wake, kaegemea kaunta yangu, kasema amesikia ninavyomlisha mke wangu. Eti kile kipindi na yeye alikisikiliza, mpaka mwisho, na daktari alisema jambo ambalo lazima nilijue.

Nikamwambia asante jirani, nilikisikia.

Akauliza, "Mpaka mwisho?"

Nikasema mpaka mwisho. Akasema kama ningekisikia mpaka mwisho nisingefanya hivi. Nikamwambia kuna mteja anangoja. Hapakuwa na mteja. Alikuwapo paka. Mudathiri akamtazama paka, akafungua mwavuli, akaondoka akitikisa kichwa.

Mimi si mjinga. Mtu ambaye mwanawe amekuwa wa kwanza wilayani kwa mtihani hawezi kumpa jirani siri ya kumpita. Atakuwa alimlisha Isihaka majani haya haya na sasa anataka kunipoteza maboya.

Ijumaa, 7 Machi

Wazo kubwa, tena msikitini! Kwa nini akili iishie nyumbani kwangu? Kasulu nzima ina wajawazito. Nitasaga vitu vichungu, niwauzie unga wa uji. Jina: UNGA WA AKILI. Mtoto wangu atakuwa wa kwanza, wengine watafuata nyuma yake kwa mstari.

Baada ya swala akaja Stanislaus wa Busunzu, yule anayeniletea makopa ya muhogo. Ana magunia ya muhogo mchungu ambayo ameona haya kuyashusha. Aliniomba radhi. Mvua hizi, boss, jua hakuna, muhogo haukulowekwa ukaiva, umemenywa ukakatwa na kuanikwa haraka juu ya moto. Alikuwa anapita tu kunisalimu. Anarudi nao nyumbani akautie majini upya.

Nikamwuliza kuloweka kunaondoa nini.

Akasema uchungu.

Nilimshika mkono. Uchungu! Watu wa Busunzu wamekuwa wakimwaga akili mtoni miaka yote hiyo! Nikamwambia ashushe magunia yote kama yalivyo. Stanislaus hakutaka. Alisema mama yake alimfundisha muhogo huo usipolowekwa huangusha hata ng'ombe. Nikamwambia mama yake hakuwa na redio. Alishusha, lakini kila gunia alilitua na neno la Kiha ambalo sikumwomba anitafsirie.

Jumapili, 9 Machi

Nimesaga. Nimechanganya na majani makavu. Unga una rangi ya kijani kama ukuta wa shule. Nikaleta kikombe cha kwanza cha uji kwa Zuleha, kwa heshima, kwenye sinia.

Aliunusa. Akasimama. Akaingia ndani. Nikadhani anatafuta sukari. Akatoka na kanga zake kwenye mkoba na mto wake wa kulalia kwapani.

Akasema, "Mume wangu, mimi nimebeba mtoto, sikubeba mtihani. Naenda kula."

Akavuka barabara. Mchana kweupe, mvua imekatika, watu wote nje. Akaingia nyumbani kwa Mudathiri! Siti, mke wa Mudathiri, alikuwa amesimama mlangoni mikono wazi, kama mtu aliyekuwa akingoja.

Jioni upepo ulivuma kutoka upande wao. Maharage ya mawese. Matembele. Nilisikia Zuleha akicheka. Mimi nilikula mkate na chai. Uji sikuunywa, nauhifadhi kwa wateja.

Jumatatu, 10 Machi

Mama mkwe amefika kutoka Ujiji kwa ajili ya uzazi. Bi Mwanahawa hakuuliza mengi. Alimkuta binti yake kwa jirani, akala huko, akaoga huko, ndipo akaja dukani kwangu, akaketi juu ya gunia la chumvi na kuvua viatu.

Nikashika mikono yangu nyuma, nikamwamkia. Akaitika marahaba. Akasema amelea watoto, baadhi wana akili, mmoja hana, na wote walikula chungu kimoja.

Nikamwuliza, kwa adabu, yule mmoja kwa nini hana.

Akasema, "Baba, hilo mwulize Mungu. Mimi nataka kukuuliza wewe: unaogopa nini?"

Swali la namna gani hilo kwa mtu mwenye duka? Nilisema siogopi kitu. Nikapanga sabuni. Nikazipanga tena. Yeye akangoja tu, vidole vya miguu vikicheza juu ya gunia.

Basi nikasema. Kwamba darasani mimi nilikuwa yule ambaye mwalimu akikosa mfano wa mjinga ananinyanyua. Kwamba hata hesabu za duka Zuleha ndiye hunisahihishia, na hajawahi kunicheka. Kwamba mtoto akitoka na kichwa changu badala ya cha Zuleha, mimi ndiye nitakayekuwa nimemwibia.

Bi Mwanahawa hakusema neno la hekima hata moja. Alivaa viatu. Alisema binti yake anapenda maembe, na mume mwenye mapenzi angeyajua.

Maembe ni matamu. Yatasaidia nini? Lakini nimemtuma mtu akampelekee.

Jumatano, 12 Machi

Naandika nimelala. Mkono mmoja una dripu.

Ilikuwa siku ya kliniki. Nilifika kituo cha afya mapema, nikaweka meza nje ya geti, sufuria ya uji, vikombe, na bango nililoandika mwenyewe: UNGA WA AKILI, MTOTO AZALIWE AMESHASOMA. Akina mama walisimama. Wakasoma. Walisogea! Nilijiona tayari nina mashine yangu ya kusaga.

Akatoka Sista Elieth. Ni mwenyeji wa Kilimanjaro, mfupi, sauti haimfai mtu mfupi. Akauliza ndani kuna nini. Nikasema kuna kemikali za mimea. Akauliza mimea ipi. Nikasema ni siri ya biashara. Akasema hakuna mjamzito atakayegusa kikombe hicho mpaka siri hiyo aijue yeye. Tukabishana. Nikamwambia kwamba yeye anagawa vidonge sawa kwa wote, hana nia ya mtu kumpita mwenzake.

Ndipo mama mmoja wa Heru Juu, mwenye tumbo la kuzaa kesho, akasema kwa utaratibu, "Si unywe wewe kwanza, tukuone?"

Wakacheka. Zuleha alikuwa kwenye foleni, na Siti pembeni yake. Yeye hakucheka. Alitikisa kichwa kunikataza. Mudathiri naye alikuwapo, aliwaleta kwa pikipiki mmoja baada ya mwingine.

Mwanamume atafanya nini? Nilikunywa kikombe. Nikanywa cha pili, kwa ajili ya Mudathiri. Cha tatu nilikwangua sufuria.

Kwa muda mambo yalikuwa mazuri. Nilihutubia. Nikasema jioneeni wenyewe, mimi najisikia mwepesi. Kweli nilikuwa mwepesi. Kisha bango likawa mabango mawili. Kichwa kikagonga kama ngoma. Nilimsikia Sista Elieth akiuliza kwa sauti ya mbali kama huo ni muhogo, nami nikataka kujibu ni siri ya biashara, lakini kilichotoka mdomoni hakikuwa maneno. Kilitua kwenye viatu vyake.

Mudathiri ndiye aliyenibeba ndani. Hilo nalo nimeandika kwa kuwa ni kweli.

Alhamisi, 13 Machi

Sista Elieth ana viatu vingine leo. Amesimama kando ya kitanda changu akanisomesha kwa kirefu. Muhogo mchungu una sumu yake, ndiyo silaha yake dhidi ya wadudu na panya. Kuloweka, kuvundika na kuanika vizuri ndiko kunakoitoa. Nimeponea kwenye kutapika. Mama mjamzito angeunywa uji ule, yangekuwa mengine. Hakuyamaliza hayo maneno, na mimi sikutaka ayamalize. Nilifumba macho nikaona sinia langu la Jumapili, na kikombe juu yake, na pua ya Zuleha.

Akasema hakuna jani moja linalotia akili. Mboga nzuri zinasaidia, maharage yanasaidia, chumvi yenye madini joto, mama kushiba, mama kutulia moyo. Mengine wataalamu wenyewe bado wanayatafuta, hawajamaliza. Magunia yangu bwana afya ameshayachukua akayafukia.

Akaja Mudathiri na chupa ya chai. Aliketi. Akasema lile jambo kubwa kuliko yote, alilosema daktari mwishoni mwa kipindi, lilikuwa hili: si kila kichungu ni dawa, kwingine uchungu ni mmea unaokwambia uniache. Nikamwuliza kwa nini hakulisema siku ile. Akanitazama. Akasema, "Ulikuwa na mteja."

Tulikunywa chai. Hakumtaja Isihaka. Nikaona nimtaje mimi, kwa ubinadamu. Akakunja uso, akasema mtoto hajambo, lakini barua zake zote ni za kuomba arudi nyumbani.

Alitoka kwenda kuwaona wake zetu, waliokuwa nje wamekuja kunijulia hali. Hakukaa huko. Alirudi mbio, kofia mkononi, akasema Zuleha ana uchungu.

Nikaruka kitandani na dripu yangu. Nikapiga kelele kwamba nilijua, nani kampa muhogo, tapisheni upesi!

"Uchungu wa kuzaa, we mtu!" akasema Mudathiri.

Nikakaa chini. Kisha nikasimama. Kisha dripu ikanirudisha.

Ijumaa, 14 Machi

Msichana!

Nitaandika kwa utaratibu. Wodi ya wazazi imetenganishwa na yetu kwa ukuta mmoja. Asubuhi yote nilikaa sakafuni nimeegemea ukuta huo, na Mudathiri kando yangu ameshika chupa ya dripu juu kama taa. Ikafika wakati Zuleha akanyamaza. Tukangoja kilio cha mtoto. Hakikuja. Mudathiri alikuwa akiomba dua, akaacha. Sikuomba akili. Naandika hapa kwa kuwa hakuna atakayesoma: sikukumbuka hata kama kuna kitu kinaitwa akili. Niliomba alie tu. Alie kama mjinga, alie kama mimi.

Akalia. Ukuta ukatikisika.

Bi Mwanahawa akamleta amefungwa kanga. Nilimwuliza Sista Elieth kama kichwa ni kizima. Akasema kizima. Nikauliza ndani je. Akavuta pumzi ndefu, akasema hata ndani ni kizima, nisiulize tena.

Zuleha alikuwa amechoka mpaka midomo imepauka. Nilianza hotuba ya kuomba msamaha, nilikuwa nimeipanga vizuri. Akanikatiza.

"Nataka afanane na wewe," akasema.

Nikamwambia asitanie.

Akasema hatanii. Alipokuwa kwa Siti alishiba vizuri sana, lakini hapakuwa na mtu wa kumchekesha. Kisha akaongeza kwamba nikimpikia tena ataondoka na mtoto mpaka Ujiji.

Alhamisi, 20 Machi

Akika. Mtoto ameitwa Firdausi. Mudathiri kachinja mbuzi. Siti na mama mkwe wamepika pilau, maharage, matembele, mchicha wa nazi. Vyote vitamu, nami nikala vyote bila neno. Mbele ya wageni niliapa kwamba biashara ya akili nimeiacha. Watu wakapiga makofi. Zuleha akanisogezea nyama ya paja. Sijaona siku njema kama hii.

Ijumaa, 21 Machi

Kiapo ni kiapo. Nilikuwa nimekikalia kwa utulivu, napima sukari, mpaka Sista Elieth alipopita kumwangalia Zuleha, ambaye amesharudi nyumbani kwetu.

Alikuwa akizungumza na Siti chumbani. Mimi sikusikiliza, nilipita tu na ndoo, mara kadhaa. Alikuwa akisema kwamba mwanamke anayefikiria kupata mtoto asingoje tumbo lionekane. Mboga za majani na maharage, na vile vidonge, vianze mapema, kabla hata mimba haijatungwa, kwa sababu ubongo na uti wa mgongo wa mtoto huanza kujengeka mama hajajua kama ana mimba.

Kabla ya mimba!

Niliiweka ndoo chini.  Basi mimi sikukosea! Mimi nilichelewa! Mwezi wa nane, nani anaweka msingi wakati nyumba imefika kwenye bati? Na kama ni kabla ya mimba, kwa nini iwe wake peke yao? Waume je? Maharusi! Wachumba! Vijana wanaochati tu kwenye simu! Mji mzima haujui kwamba umechelewa, na duka la kuwahi ni langu.

Bila muhogo. Mimi si mwendawazimu. Safari hii ni majani tu, na magome kidogo.

Nikaingia kumwarifu Zuleha mwenyewe, maana mtu haanzi jambo kubwa bila mkewe. Firdausi alikuwa ananyonya, ana siku saba duniani. Nikaketi ukingoni mwa kitanda. Nikamwambia kwa sauti laini kwamba nimefikiri sana, na naona huu ndio wakati hasa wa kuanza kumwandaa wa pili.

Mto umenipata sikioni. Ndala imepita dirishani, ikampata Mudathiri aliyekuwa akipita nje.

Naandika haya dukani. Bi Mwanahawa amenitolea mkeka. Bango la zamani upande wa nyuma bado ni jeupe kabisa.